Kopo la Blanketi

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Kiguu na Njia. Alilijua jina hilo na hakulikasirikia, maana uongo uko wapi hapo? Mama huyu tangu azaliwe hakuwahi kukaa kitako mpaka kiti kikapata joto. Utotoni alikula amesimama, sahani mkononi, jicho mlangoni. Alipokuwa msichana, alishona nguo akizunguka chumba, sindano huku, uzi kule. Hata kwenye ibada, dua ikirefuka kidogo, alifumbua jicho moja aone nani ameingia amechelewa. Mungu amemsamehe, naamini, kwa kuwa ni Yeye aliyempa ile miguu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kimya, aliyeweza kushinda kutwa nzima kwenye stuli yake bila kugeuza shingo. Watu waliwashangaa, yule upepo na huyu gogo, lakini nyumba yao ilikuwa na amani. Binti yao wa pekee alikwisha kuolewa mji mwingine, wakabaki wawili na cherehani.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, fundi alikuwa akikunja ukosi wa shati, na mkewe alikuwa ameingia na kutoka chumbani mpaka pazia limekata pete.

"Mama watoto," fundi akasema bila kuinua uso, "nimeushona mshono huu, nimeufumua, nimeushona tena. Unatafuta nini?"

"Lile blanketi kuukuu."

"Liko juu ya kiti ulichokuwa umekikalia. Samahani, nimekosea. Ulichokuwa umekipita."

"Usinitanie leo, baba watoto. Leo tumbo joto."

"Kwani lini limekuwa baridi?"

Alilitwaa blanketi, akalikata kipande kwa mkasi wa mumewe, jambo ambalo siku nyingine lingeleta maneno. Fundi aliutazama mkasi wake ukipita kwenye sufu, akarudia ukosi wake. Alijua leo kuna nini.

Na jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alimwita ofisini. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba tu, mwenye kupenda kila kitu kiwe kwenye kisanduku chake.

"Mwalimu, keti," alisema.

"Nitasimama tu, Mwalimu Mkuu."

"Najua utasimama. Nimesema kwa adabu." Akakohoa. "Sikiliza, dada yangu. Sina ugomvi na wewe. Lakini tumeletewa mwalimu mpya, kijana, amesomea sayansi hasa. Wewe ulisomea kufundisha watoto kusoma na kuandika. Watu wananiuliza, mbona sayansi ya darasa la tano iko kwa huyu mama na mwenye fani yupo? Mimi nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba watoto wanaelewa."

"Hilo mkaguzi ndiye ataniambia. Anakuja wiki ijayo. Nitamleta kwenye somo lako. Akiridhika, darasa utabaki nalo. Asiporidhika, muhula ujao unarudi darasa la kwanza."

Msomaji anaweza kusema, darasa la kwanza lina ubaya gani? Watoto wale ni malaika. Lakini ndiko alikokaa miaka yake yote ya mwanzo, na kule kunataka mwalimu wa kuketi. Mtoto anaishika penseli kama anayechimba kisima, anachora herufi moja mpaka ulimi umetoka nje, na wewe mwalimu kazi yako ni kukaa pembeni yake na kungoja. Aliwapenda, Mungu shahidi, lakini miguu yake ililia. Kila mkubwa aliyepita alimwambia neno lile lile: tulia, mama, tulia.

Sayansi aliipata kwa bahati. Mwalimu wa somo hilo alihamishwa, wenzake wote wakatazama dari, naye akanyoosha mkono kwa sababu tu mkono ule haukuzoea kukaa chini. Siku ya kwanza aliotesha maharage kwenye pamba. Siku nyingine akaleta sumaku iliyotoka kwenye redio mbovu, watoto wakaokota misumari uwanja mzima mpaka fundi wa paa akaja kudai ya kwake. Alipita meza hadi meza, akachuchumaa, akanyanyuka, akakimbilia dirishani kuonyesha kivuli, na hakuna aliyemwambia atulie. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba miguu ile ilionekana ina kazi. Chumba kile cha darasa la tano, chenye dirisha lisilofunga na ubao uliopauka, kilikuwa mahali pekee ambapo hakujiona amekosea kuumbwa. Sasa ndicho kilichokuwa kinataka kuchukuliwa.

Basi akatoka na kipande chake cha blanketi kwapani. Fundi alimwita akiwa kizingitini.

"Mama watoto."

"Nini tena?"

"Umevaa kiatu changu kimoja."

Akarudi, akabadili, akaondoka mbio.

Somo la siku ile lilikuwa la joto: vitu gani hulizuia lisitoroke. Vifaa vyake vilikuwa makopo matatu ya maziwa ya unga, ya saizi moja, kila moja na kifuniko chake. Kopo moja lilikuwa tupu upande wa nje, watoto wakaliita kopo uchi. La pili lilizungushiwa magazeti, karatasi juu ya karatasi, likafungwa kwa kamba. La tatu ndilo la blanketi. Maji ya moto aliyachukua jikoni kwa mpishi wa shule, akayamimina mwenyewe, hakumruhusu mtoto kusogea. Kipimajoto kilikuwa kimoja tu, kilitoka kwenye kabati la mwalimu mkuu, na alikibeba kama anayebeba yai.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye mkoba mkubwa na uso usiosema kitu. Alikaa kwenye kiti mbele kabisa, karibu na meza ya mwalimu. Mwalimu mkuu akasimama nyuma ya darasa, mikono mgongoni.

"Makopo yote yana maji ya moto sawasawa," mwalimu alianza, akizungusha kipimajoto kutoka kopo hadi kopo ili waone. "Tunayafunika. Kipindi kikikaribia kwisha tutapima. Lipi litakuwa limebaki na joto zaidi?"

"Blanketi!" darasa likaitika.

"Kwa nini?"

Hapo akasimama binti mmoja mwembamba, ambaye darasa zima lilimwita Wakili kwa sababu hata akiambiwa amepata alama zote alitaka kujua zimetoka wapi.

"Mwalimu, kwa sababu blanketi lina joto lake."

"Lina joto lake?"

"Ndiyo. Usiku nikijifunika nalisikia linatoka."

"Linatoka wapi?"

"Kwenye blanketi, Mwalimu."

"Haya, njoo ulishike. Lina joto?"

Wakili akashika ncha ya blanketi, akaifikicha kama mnunuzi sokoni. "Hapana."

"Sasa?"

"Halijaanza kazi."

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu mkuu alijikuna pua. Lakini Wakili hakucheka, na wengi waliomcheka walikuwa upande wake. Akaendelea, "Mwalimu, mimi nasema maji ya blanketi hayatapoa kabisa. Yatazidi moto. Ukiliacha sana yatachemka."

"Yatachemka!" akadakia mvulana wa dirishani. "Tuhame meza, jamani!"

Mwalimu alifurahi, maana hili ndilo kosa alilolitaka. Mtoto akishafikiri blanketi hutengeneza joto, unaweza kumwonyesha kwamba joto ni la maji yenyewe, na blanketi ni mlinzi tu anayelizuia lisitoke. Kopo uchi akaliweka dirishani. La gazeti akalipeleka meza ya nyuma, kwa watoto wapole wasiopenda maneno. La blanketi akaliweka mezani kwake, mbele ya mkaguzi, mahali pa heshima.

Sasa miaka mingine, baada ya kuyafunika makopo, alikuwa akiondoka. Walimu walikuwa wachache, alishika madarasa mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyaacha makopo yake yakae na akaenda kwa wengine. Leo hakuwa na pa kwenda. Alikuwa na mkaguzi, na kopo, na muda wa kungoja, na hakujua kungoja.

Akauliza swali moja, akajibiwa. Akachora ubaoni. Akaenda dirishani, akarudi. Wakili naye macho yalikuwa kwenye blanketi.

"Mwalimu, tuangalie kama yameanza."

"Hayawezi kuanza, yanapoa."

"Tuangalie tu."

Na mwalimu, badala ya kusema tusubiri, aliona hii ni nafasi ya kumwonyesha mkaguzi. Akalifungua blanketi, akatoa kifuniko, mvuke ukapanda, akachovya kipimajoto. "Mnaona? Mstari haukupanda. Umeshuka kidogo."

"Halijakolea," Wakili akasema.

Akalifunga. Akazunguka darasa. Akauliza nani kwao wana chupa ya chai, na ndani yake kuna nini. Hakuyasikia hata majibu. Alihisi kalamu ya mkaguzi ikitembea. Meza ya kushoto wakalalamika kwamba wao hawakuona. Akawafungulia. Meza ya kulia nao wakataka haki yao. Akawafungulia. Mvulana wa dirishani akaomba kunusa, eti maji yanayokaribia kuchemka yana harufu, naye akanusishwa. Mara nyingine hakuna hata aliyeomba. Mkono wenyewe tu ulikwenda, ukafunua, ukafunika, kama unavyojikuna usipowashwa. Lile kopo uchi lilikaa dirishani peke yake, na lile la gazeti kule nyuma hakuna aliyelikumbuka.

Kipindi kikawa kinaisha. Akapima kopo uchi: vuguvugu, karibu baridi. Akapima la gazeti: mstari bado uko juu, mtoto aliyechovya kidole alikitoa haraka. Kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi, akasema, "Na sasa, blanketi letu."

Mstari ulikuwa chini. Ulilipita kopo uchi kwa unywele tu.

Akakitikisa kipimajoto, akakirudisha. Chini vile vile.

Patashika ikazuka. "Blanketi limeshindwa!" "Gazeti oyee!" Mvulana wa dirishani akapanda benchi. "Jamani, leo mimi nikifika nyumbani najifunika gazeti!"

"Na baba akitaka kusoma habari?" mwenzake akamuuliza.

"Atanisoma nimelala!"

Wakili pekee alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akasema kutoka nyuma, kwa ile sauti ya chini inayosikika kuliko kelele, "waandikie jibu sahihi, kipindi kinaisha."

Jibu sahihi alilijua. Lilikuwa kwenye kitabu, mstari mmoja, na mkaguzi alilijua pia. Ilikuwa rahisi mno. Aandike, watoto wanakili, kengele ilie, na pengine darasa libaki lake. Chaki ikagusa ubao. *Blanketi huzuia*, akaandika, na hapo akasikia nyuma yake:

"Mwalimu, mbona unaandika blanketi? Si limeshindwa?"

Hakuwa Wakili. Alikuwa mtoto mmoja wa kawaida tu, anayeuliza kwa sababu hakuelewa. Mwalimu akasimama na chaki yake. Akawaza darasa la kwanza, akawaza vile vijipenseli. Kisha akaifuta ile sentensi kwa kiganja, maana dasta ilikuwa mbali.

"Andikeni mlichokiona," akasema. "Gazeti limelinda joto. Blanketi halikulinda. Ndivyo mlivyoona, ndivyo mwandike."

Kengele ikalia. Mkaguzi akafunga mkoba wake, akasema asante, akatoka na mwalimu mkuu. Uso wake bado haukusema kitu.

Wakati wa mapumziko walimu wenzake walikunywa chai. Yeye alikwenda mpaka lango la shule, akarudi. Akaenda jikoni, mpishi akamtazama. "Mwalimu, kuna msiba?" "Hapana." "Basi usinizungukie hivyo, unaniletea kizunguzungu." Akatoka. Akapita chini ya dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu, akasikia sauti mbili bila maneno, akapita tena upande wa pili kama mtu aliyesahau kitu. Akaomba akitembea, maombi mafupi mafupi yenye pumzi nusu: Baba, usiniondolee. Baba, kama ni lazima, nipe miguu mingine.

Baada ya mapumziko kipindi kilikuwa cha kuchora, nacho kilikuwa chake. Alipoingia, watoto walikuwa wametoa penseli za rangi. Makopo bado yalikuwa pale.

"Wekeni penseli," akasema. "Mimi sijaelewa. Kila mwaka blanketi linashinda. Leo limeshindwa. Tumelifanyia nini?"

Watoto wakasema mengi. Blanketi ni kuukuu. Blanketi lina matundu. Blanketi limemwogopa mkaguzi. Hili la mwisho lilipigiwa makofi. Kisha mkono mmoja ukainuka meza ya nyuma, nusu, kama unaojiuliza uinuke au ushuke. Alikuwa binti mdogo wa kundi la gazeti, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kusema neno bila kuulizwa.

"La kwetu hamkulifungua," akasema. "Hakuna aliyelitaka. Lile la mbele mlilifungua kila saa."

Darasa likageuka kumtazama, naye akajificha nyuma ya kola yake.

"Nani alilifungua?" mwalimu akauliza, ingawa alianza kuelewa.

"Wakili alisema lifunguliwe," akajibu binti yule kwa sauti ndogo zaidi. "Lakini aliyefungua ni wewe, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Watoto walingoja waone itakuwaje. Mwalimu akajitazama mikono, mmoja ukiwa bado una chaki.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi. Mlinzi yuko mlangoni, na mimi mwenyewe nafungua mlango, naliambia joto toka, toka. Haya. Tunarudia."

Akachukua maji mengine jikoni. Makopo yakarudi kila moja mahali pake. Sheria ikawa moja: hakuna kugusa mpaka kipindi kikaribie kwisha. Watoto wakaambiwa wachore makopo wakati wakingoja.

Na yeye? Alisimama. Akatembea hatua chache, akajikuta yupo karibu na blanketi, mkono umeshatangulia.

"Mwalimu!" darasa zima likapiga kelele.

Akaruka nyuma kama aliyeguswa na makaa.

"Mwalimu, kaa," Wakili akasema, akasogea kwenye benchi lake na kupigapiga nafasi. "Njoo ukae hapa kwetu. Mikono weka chini ya mapaja. Sisi mama anatufanyia hivyo mgeni akija na biskuti."

Mwalimu akakaa. Benchi lilikuwa fupi, magoti yakampanda kifuani. Akaweka mikono chini ya mapaja. Nawaambieni, hakuna kazi aliyowahi kuifanya ngumu kama ile. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinakimbia. Vipi kama lina tundu kweli? Vipi kama kifuniko hakikukaa sawa? Pengine nimelisogeza karibu na upepo. Aliangalia nje, akaangalia mchoro wa Wakili, kopo lenye macho na ndevu, akaangalia blanketi, na blanketi halikumwambia kitu. Kisigino chake kilikuwa kikigonga sakafu hadi binti aliyeketi pembeni akaweka mguu wake juu yake, taratibu, bila kuacha kuchora.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu, na nyuma yake mkaguzi na mkoba begani, tayari kwa safari.

Watoto wakasimama. Mwalimu naye akajichomoa kwenye benchi. Wageni wote wawili walikuwa wameona alipokuwa ameketi, na mwalimu mkuu alikuwa na sura ya mtu aliyeona jua likichomoza upande usio wake.

"Mwalimu, mkaguzi anaondoka," akasema. "Alitaka tuzungumze kidogo kuhusu lile jambo." Akatazama makopo. "Mnafanya nini? Si ni kipindi cha kuchora?"

"Tunarudia, Mwalimu Mkuu. Asubuhi tulikosea. Nilikosea mimi."

Mkaguzi akasogea mezani. Ilikuwa mara ya kwanza macho yake kuonyesha kitu. "Mmerudia? Na blanketi?"

"Na blanketi, mama."

"Vizuri. Gari linanisubiri nje, lakini ningependa kuona. Lifungue basi."

Lile blanketi lilikuwa mbele ya mwalimu, karibu na mkono. Mwalimu mkuu alikwisha kutikisa kichwa, fungua, fungua. Na ni nani aliyetaka kulifungua kuliko mwalimu mwenyewe? Tangu asubuhi hakutaka kitu kingine duniani. Vidole vilikwishajikunja.

"Mama," akasema, akirudisha mikono nyuma. "Naomba unisamehe. Bado."

"Bado?"

"Bado muda wake. Nikilifungua sasa nitakuwa nimefanya lile la asubuhi. Watoto wamevumilia. Naomba usubiri nao. Au kama gari haliwezi, basi nenda salama, na utakaloamua nitalipokea."

Macho ya mwalimu mkuu yakatoka pima. Mkaguzi akaangalia saa yake, akaangalia mlango, akaangalia watoto na penseli zao. Kisha akashusha mkoba begani.

"Kuna nafasi ya kukaa?"

Wakili akasogea tena. Mkaguzi akakaa upande mmoja wake, mwalimu upande mwingine. Mwalimu mkuu alijaribu kubaki amesimama, lakini kwa kuwa wote wameketi ikawa haifai, akajikunja kwenye benchi la mvulana wa dirishani, aliyempa karatasi na kusema, "Mzee, chora kopo." Na mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alichora kopo.

Wakakaa. Nje gari likapiga honi, hakuna aliyeinuka.

Muda ulipotimia, mwalimu alisimama, akapima kopo uchi kwanza, kisha gazeti, hakuruka hatua. Gazeti lilikuwa bado na joto zuri. Alipofika kwenye blanketi alimwita yule binti wa meza ya nyuma. "Fungua wewe."

Binti akafungua. Mvuke ukampanda usoni. Alisoma kipimajoto kwa sauti, darasa zima likapiga kelele kabla hajamaliza, maana mstari ulikuwa juu ya ule wa gazeti, waziwazi, hata aliyekaa nyuma aliuona.

"Na asubuhi kwa nini yalipoa?" mkaguzi akamuuliza binti yule.

Binti akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa.

"Mwalimu alikuwa anafungua."

Mkaguzi akacheka, kicheko kifupi, cha kushtukiza. Akainuka, akatoka na mwalimu mkuu, na mwalimu akabaki amesimama katikati ya darasa akiwatazama kupitia dirishani wakizungumza kando ya gari. Mkaguzi alisema sana. Mwalimu mkuu aliitikia sana. Gari likaondoka.

Mwalimu mkuu alirudi akiwa bado na mchoro wake mkononi.

"Ameandika darasa lako lina kelele," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Ameandika pia hutulii."

"Ndiyo."

"Kisha akaniambia niache upuuzi wangu, mwalimu mpya nimpe la nne. La tano ni lako." Akakunja mchoro, akautia mfukoni. "Nilitaka kukuambia tangu nilipoingia kwamba nilikuwa nimeamua vingine, urudi la kwanza. Ukaniambia nisubiri. Basi nimesubiri."

Mwalimu alisema asante kwa midomo tu. Miguu yake ilitaka kukimbia hadi cherehanini kwa mumewe, wakati huo huo, na kipindi hakijaisha. Akashika ukingo wa meza.

"Mwalimu," Wakili akaita, mkono juu. "Mimi bado."

"Bado nini, mwanangu?"

"Bado sijakubali. Asubuhi lile blanketi lilikuwa limechoka, umelikata, umelibeba. Sasa limepumzika wakati wa mapumziko. Ndiyo maana joto lake limetoka."

Darasa likaguna. Mwalimu akafungua mdomo aeleze yote, neno kwa neno, kama lilivyo kitabuni. Akaufunga.

"Tukifunika barafu kwa blanketi hili," akamuuliza, "itakuwaje?"

"Itayeyuka haraka!" Wakili akasema. "Lazima!"

"Lazima?"

"Lazima, Mwalimu!"

"Chora barafu hapo," akasema, na alikwisha kuufikia mlango, akielekea jikoni kumuuliza mpishi nani mtaani ana friji.